Wimbo wa kusagia wa mama yangu haukuwa malighafi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba radhi mapema kwa urefu. Jumapili iliyopita mlichapa makala kuhusu kwaya na muziki wa asili. Mwandishi, ambaye kalamu yake naifuata siku zote, alisema nyimbo za wazee wetu vijijini ni malighafi: zikiachwa zilivyo zitaoza, wasomi wakizichukua, wakazisafisha na kuzipeleka studio, ndipo zitakuwa muziki. Kwa mfano akamtaja Zoltán Kodály, mtunzi wa nyimbo za kwaya, kwamba aliokota nyimbo za wakulima wa Austria akazipika mpaka zikafaa kuimbwa mbele za watu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha kwaya tangu 1981, shuleni na kanisani, sehemu kubwa hapahapa Ugogo. Ulaya sijafika, na Kihungaria sijui hata salamu. Lakini huyo mzee nimekuwa naye tangu 1984, na nikinyamaza nitakuwa nimemkosea adabu. Kwanza, hakuwa wa Austria. Pili, hilo neno malighafi lingemchukiza kuliko matusi.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilitoka chuo cha ualimu kichwa kimejaa d, r, m. Wanakwaya wenzangu wananielewa: zile herufi za solfa tunazoandika ubaoni, na nukta zake na vistari vyake, ambazo kwaya nyingi za nchi hii zimejifunzia nyimbo bila kuwahi kugusa ile mistari mitano ya noti. Nilijiona hakuna kinachoimbwa nisichoweza kukiandika. Mama alikuwa na wimbo wa kusagia uwele ambao nimeusikia tangu nikibebwa mgongoni. Jioni moja ya mwaka 1983 nikakaa mlangoni pa jiko na daftari nikaunakili. Ulikuwa na sehemu mbili fupi, ya mwanzishaji na ya waitikiaji, ingawa waitikiaji hawakuwapo siku hiyo, kwa hiyo mama alijiitikia mwenyewe.

Wiki tatu baadaye wimbo ulikuwa na sauti nne. Alto ikaifuata soprano nyumanyuma kama ndama, besi ikasimama kwenye do na so kama nguzo za zizi. Maneno nayo nikayang'oa. Yalikuwa ya mwanamke ambaye mumewe alikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga akarudi na blanketi moja. Mahali pake nikaweka mwana mpotevu. Tukauimba Jumapili ya mavuno, vigelegele vikalia mpaka mchungaji akainua mkono. Mama alikaa benchi la tatu. Tulipofika nyumbani nikamuuliza ameuonaje, nami nimeshajiandaa kusifiwa.

"Mzuri, baba," akasema. "Ni wa wapi?"

Hakuwa ananitania. Nilipomwambia ni wake, ule wa kusagia, alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Mwaka uliofuata nikaitwa semina ya walimu wa muziki Dodoma mjini. Mkufunzi mmoja alitugawia karatasi zilizodurufiwa kwa wino wa zambarau, nyimbo za sauti mbili tu. Juu paliandikwa Bicinia Hungarica, chini jina la Kodály. Nilizidharau. Sauti mbili, kwa watu wazima? Tukaimba wa kwanza, tukapotea. Wa pili, tukapotea. Kwenye sauti nne ukikosea wenzako watatu wanakufunika shuka. Kwenye sauti mbili hakuna shuka. Usiku ule nikamfuata mkufunzi bwenini kumuuliza huyu mtu ni nani, na yanayofuata ni ya kwake pamoja na niliyosoma mwenyewe baadaye.

Kodály alizaliwa Desemba 16, 1882, katika mji wa Kecskemét, Hungaria. Baba yake alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo familia ilihama kufuata stesheni, na utoto wake mwingi ulipita Galánta, mji mdogo ambao leo uko Slovakia. Nyumbani kulikuwa na fidla ya baba na piano ya mama. Selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, mtoto alijifundisha mwenyewe, kwa kuwa kundi lao lilikosa mpigaji wake. Hapo naona tayari tabia ya mwalimu wa kwaya: besi hawajaja leo, basi nitaimba mimi.

Siku hizo Hungaria na Austria zilikuwa chini ya mfalme mmoja, naye alikaa Vienna. Ndiyo maana kumwita Kodály mtu wa Austria ni kama kumwita mzee wa Ugogo Mjerumani kwa sababu alizaliwa 1910. Waliosoma Budapest, mji mkuu wa Hungaria, wengi walizungumza Kijerumani, na mwalimu wake wa utunzi pale chuo cha muziki alikuwa Mjerumani. Watu wa mjini waliamini muziki wa Kihungaria ni ule uliopigwa na bendi za mikahawani. Wakulima walihesabiwa kuwa hawana kitu.

Mwaka 1905, akiwa na miaka 22, Kodály alirudi upande wa Galánta, akatundika mkoba mgongoni akaanza kutembea kijiji hadi kijiji. Aliporejea alikuwa na nyimbo takriban 150. Mwaka uliofuata alipata shahada yake ya udaktari, na tasnifu yake ilihusu jinsi beti za nyimbo hizo zinavyojengwa. Washairi wetu wangemwelewa mara moja: kijana alikuwa anahesabu mizani. Kabla hajautia wimbo wa mtu sauti ya pili, alitaka kwanza kujua umesimamaje kwa miguu yake.

Wakati huohuo akajuana na Béla Bartók, mpiga piano aliyemtangulia kuzaliwa kwa mwaka na kitu, na Kodály akawa ndiye mwongozaji wake katika kazi hii. Walibeba ile mashine ya Edison inayonasa sauti kwenye mitungi ya nta, mzigo ambao leo ningependa kuwabebesha vijana wanaolalamika kwamba simu imejaa. Desemba 1906 walitoa pamoja nyimbo 20 zenye piano. Zilichapwa nakala 1,500, na hazikwisha dukani mpaka 1938. Kwa hiyo anayedhani Wahungaria walizipokea kwa vigelegele asidhani hivyo tena.

Bartók aliandika kwamba nyimbo hizi fupi za wakulima, kila moja kwa kimo chake, ni kazi kamili kama fuga ya Bach au sonata ya Mozart, tungo za watunzi wakubwa wa Ulaya, ilivyo kwa ukubwa wake. Kitu kilichokamilika hakiitwi malighafi, ndugu mwandishi. Unga ni malighafi. Ugali uliokwisha kusongwa ukiurudisha sufuriani utapata kitu kingine.

Sasa nieleze kwa nini mama hakuutambua wimbo wake, maana niligundua kwa kumsoma Kodály.

Kwanza ni ngazi ya sauti. Kodály alikuta nyimbo za zamani kabisa za Hungaria zina sauti tano tu, la, do, re, mi, so, na tuni inaanzia juu ikiteremka, nusu ya pili ikirudia nusu ya kwanza chini zaidi. Walimu wake wasingeweza kumfundisha hilo, kwa sababu kwao sauti ni saba na fa na ti lazima zipate kazi. Yeye hakuziongezea nyimbo zile fa kwa huruma. Na mimi? Wimbo wa mama ulikuwa na sauti moja inayokaa mahali fulani kati ya la na ti, ileile ambayo wazee wetu wanaimba na ilimba zao, vile vinanda vya vidole gumba, zinapiga. Kwenye kinanda haipo. Mimi nikaandika ti, tena kwa herufi nzuri. Ilikuwa kama kumwandikia mtu jina lake vibaya kwenye cheti cha kuzaliwa kisha kushangaa haitiki.

Pili ni mkazo wa maneno, na hapa nawaomba wanakwaya wote wasogee karibu. Kihungaria huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Nyimbo za shuleni za wakati wa Kodály nyingi zilitoka Ujerumani, na tuni ya Kijerumani hupenda kuanza na silabi nyepesi kabla ya pigo zito. Mtoto wa Kihungaria akawa anaimba lugha yake kwa lafudhi ya mgeni. Kodály alipigana na jambo hilo maisha yake yote. Sisi Kiswahili chetu mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua kitabu chochote cha nyimbo zilizotafsiriwa, tafuta neno Mwokozi, uone ni mara ngapi pigo zito la tuni linaangukia "Mwo" badala ya "ko". Tumezoea hata hatusikii. Mgeni akizungumza hivyo sokoni tungemcheka, lakini Jumapili tunasimama mistari minne na joho tukaimba hivyohivyo.

Tatu, jiwe. Wimbo wa kusagia unapumua mkono unaporudi nyuma. Nilikuwa nimeuondoa kwenye jiwe nikauweka kwenye mkono wangu wa kuongozea, ambao haujasaga kitu.

Mwandishi anaweza kusema: lakini Kodály alitunga, hakuishia kukusanya. Kweli, alitunga sana. Na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Mwaka 1923 jiji la Budapest liliadhimisha miaka 50 tangu Buda, Pest na Óbuda ziungane kuwa mji mmoja, wakamwagiza yeye, Bartók na mtunzi mwenzao Dohnányi watunge kazi za sherehe. Miaka michache nyuma, baada ya serikali ya kikomunisti ya 1919 kuanguka, Kodály alikuwa ameshtakiwa na kusimamishwa kazi chuoni kwa sababu za kisiasa. Basi kwenye sherehe wenzake wakitarajia tarumbeta, yeye akaleta Zaburi ya 55, kilio cha mtu aliyesalitiwa na rafiki, kwa maneno ya mhubiri wa karne ya 16 kutoka Kecskemét, mji aliozaliwa. Ndiyo Psalmus Hungaricus. Humo ndani hakuna wimbo hata mmoja wa kijijini alioukopa, lakini tuni yake inatembea kama wao wanavyotembea. Miaka 18 ya kusikiliza ilikuwa imemwingia kwenye damu, hakuhitaji kukopa.

Alipochukua nyimbo zenyewe, kama alivyofanya 1931 kwenye Mátrai képek, nyimbo za milima ya Mátra, aliziacha zijulikane. Mchungaji wa nguruwe akasikia ni wake. Tofauti hiyo ndiyo nilitaka gazeti lako liandike: ama uimbe wimbo wa mtu ukiwa wake, ama utunge wako kwa lugha uliyojifunza kwake. Nilichofanya mimi 1983 kilikuwa katikati, na katikati hapana mtu.

Wanakwaya wa makanisa watafute pia ile ya 1934 ya Yesu kuwafukuza wafanyabiashara hekaluni. Sauti zinakimbizana mpaka unaona kondoo na ng'ombe wakipita chini ya meza. Kwaya yangu tulijaribu. Tuliimba kurasa mbili tukakaa chini kunywa maji, na hatujasimama tena.

Mwaka 1925 aligeukia kwaya za watoto wa shule, na miaka minne baadaye akaandika maneno yaliyowaudhi wakubwa: kwamba mwalimu wa muziki wa Kisvárda, kimji cha pembezoni, ni muhimu kuliko mkurugenzi wa Opera ya Budapest. Mkurugenzi mbaya hushindwa mara moja akaondolewa. Mwalimu mbaya hushindwa miaka 30, na kila mwaka anaua hamu ya muziki kwa kundi jipya la watoto. Niliyabandika ukutani ofisini shuleni. Mkuu wa shule aliyeyaona alidhani namsema yeye.

Kodály pia alikwenda Uingereza, akakuta watoto wa kawaida wanasoma nyimbo kwa d, r, m na ishara za mikono, ule utaratibu wa John Curwen wa karne ya 19. Akauchukua, na kwa wanafunzi wake ukawa msingi wa mafundisho ya muziki shuleni Hungaria. Ni solfa ileile waliyotuletea wamisheni. Kwa hiyo ubao wa kanisa letu hapa Mvumi na ubao wa shule ya Kecskemét, ile iliyofunguliwa 1950 ambako watoto waliimba kila siku, ni ndugu wa baba mmoja. Sisi tumeutumia kujifunza nyimbo za wengine, wao wakautumia kusoma za kwao. Kwa nini tusiugeuze, sijapata jibu.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi kwa muziki wa starehe, na nadhani magita ya vijana wangu angeyatupa nje. Hapo simfuati. Lakini ni mtu aliyekaa. Vita vilipofika Budapest mwishoni mwa 1944 yeye na mkewe walijihifadhi kwenye handaki la masista, akawa anamalizia misa yake fupi ya kwaya, na Februari 1945 ikaimbwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kutundikia makoti cha jumba la Opera, kwa kinanda cha harmoniamu, mji bado unanuka baruti. Bartók alikuwa amehamia Marekani tangu 1940. Kodály alikufa palepale Budapest, Machi 6, 1967.

Nirudi Ugogo. Baada ya ile semina niliuza mbuzi wawili nikanunua redio kaseti ya kunasa. Kuanzia 1985 nikazunguka na wanawake wawili wa kwaya, maana bibi hamwimbii mwanamume wimbo wa kusagia hivihivi. Tulinasa wa kusagia, wa kutwanga, wa kubembeleza watoto, na nyimbo za wazee ziitwazo misunyunho. Kodály na Bartók waliandika kwenye kila karatasi jina la mwimbaji, umri, kijiji na siku. Mkufunzi alitusisitizia hilo, na mimi nimefanya hivyo. Leo nikiona kazi za studio zimeandikwa tu "wimbo wa asili", kana kwamba zimeota zenyewe kama mibuyu, natamani kuuliza: bibi yupi? Alilipwa soda?

Wimbo wa mama niliuandika upya mara tatu. Mara ya mwisho sauti mbili tu, besi wakapumzika, maneno yakarudi ya manamba na blanketi, na wanawake wawili wakasaga kweli mbele ya kwaya. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kama sasa tutaleta na mafiga. Mama alisikiliza akiwa ameinama. Halafu akasema, "Hapo kwenye kuitikia mnachelewa." Nilitoka nje nikakaa kidogo.

Mwaka uliofuata tuliupeleka kwenye mashindano. Jaji alitukata alama kwa ile sauti iliyo kati ya la na ti, akaandika kwamba kwaya inatoka nje ya ufunguo. Jina lake na la mashindano hayahitajiki hapa. Alikuwa na kinanda na alikuwa mkweli kwa kinanda chake.

Ombi langu, Mhariri, ni mawili. La kwanza, msahihishe kwamba Kodály ni wa Hungaria. La pili, kaseti zangu ni 11, za dakika 90 kila moja, na waimbaji wote isipokuwa mmoja wameshatangulia. Redio yangu ilikufa 2009. Fundi wa hapa anasema anaweza kuhamishia sauti kwenye simu akipata mashine nzima ya kaseti yenye mpira mzuri. Kama yuko msomaji mwenye mashine kama hiyo ndani ya kabati, Jumamosi kuanzia saa kumi jioni nipo kanisani na kwaya. Aanze kuuliza mapema kidogo, maana kaseti ya saba imeanza kunata.

Mwalimu wa kwaya mstaafu,
Mvumi, Dodoma